Kipengele cha Majina Mengine

Nianze na kosa, maana mtaani kwetu limeshasimuliwa sana na kila msimuliaji ametia chumvi yake. Mimi ndiye niliyeandika jina la utotoni la binti wa dada yangu kwenye fomu ya viza ya Marekani. Sikulazimishwa na mtu. Sikuwa na homa. Nilikaa kwenye kiti changu cha cherehani, nimeshiba, nikaliandika kwa herufi kubwa, kisha nikaenda kunywa chai kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi nzuri.

Asiye wa huku atauliza, jina la utotoni lina nini? Huku kwetu Mtwara mtoto wa kike akitoka unyagoni hutoka na jina jingine. Hupewa na somo wake, yule mwanamke aliyemsimamia ndani. Lile alilozaliwa nalo linaachwa hukohuko pamoja na nguo alizoingia nazo, na kuanzia siku hiyo mtu mzima mwenye akili zake halitamki tena. Ukimwita nalo mbele za watu umemtukana yeye, umemtukana mama yake na somo wake, na utalipa kuku. Kuku ndiyo sehemu nyepesi ya adhabu. Kwa hiyo hapa silitaji, na kwa usalama wangu sitamtaja mtu yeyote kwa jina. Katika mambo ya kutaja majina nimeshatimiza sehemu yangu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jina lile halikuwa kwenye karatasi hata moja tuliyotakiwa kupeleka. Binti alitoka unyagoni akiwa darasa la nne kijijini kwao Mpapura. Likizo ilipokwisha dada yangu akaniletea mjini aanze la tano, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwandikisha shule kwa jina jipya. Cheti cha kuzaliwa tulikihangaikia akiwa kidato cha pili: jina jipya. Cheti cha kidato cha nne na cha sita: jipya. Kitambulisho cha taifa, pasipoti, jipya. Barua ya chuo cha Marekani kilichompa nafasi ya kusomea magonjwa ya mimea na kukubali kumlipia kila kitu: jipya, tena limekolezwa wino. Dunia nzima ilikuwa inamjua kwa jina moja safi. Nikaja mimi na kidato changu cha nne.

Watu wananiuliza kwa nini fomu niliijaza mimi. Ni swali zuri na wangeniuliza mapema. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho salfa, na binti alikuwa amekwenda Mpapura kumsaidia mama yake. Kule mtandao unapatikana ukisimama mahali fulani karibu na kisima, na hapo napo inategemea. Fomu yenyewe hujazwa mtandaoni, nayo ina tabia ya mgeni mwenye kisirani: ukinyamaza kidogo inajifunga, na kila ulichoiambia imesahau. Binti alianza mara mbili pale kisimani, ikamfungia mara mbili. Mara ya tatu akanipigia simu.

"Mamdogo, wewe una mtandao hapo. Nijazie yale ya kawaida tu. Mengine niachie."

Ya kawaida. Sasa niambieni, katika fomu inayomuuliza mtoto wa Mpapura kama amewahi kutengeneza silaha za sumu, yapi ndiyo ya kawaida?

Nilijaza siku tatu. Umeme ukikatika naanza upya. Mteja akija kuchukua sare ya mwanawe namwambia subiri, niko Marekani. Waliuliza kama binti ana kabila. Nikajibu anayo mawili, na kama wanataka la babu yake upande wa pili nitaulizia. Waliuliza nchi alizowahi kusafiri. Hapo nilikaa muda mrefu, kwa sababu mwaka juzi tulivuka mto pale Kilambo kwenda kwenye msiba wa shangazi yake upande wa Msumbiji, na sikujua kama kuvuka mto kwenda kulia ni kusafiri. Nikaandika ni kusafiri. Waliuliza kurasa zake zote za mitandao ya kijamii. Waliuliza kama amewahi kusaidia kuangusha serikali. Nikacheka peke yangu, maana huyu ni mtoto ambaye kuku wa jirani akiingia ndani anamwomba atoke.

Kisha kikaja kipengele cha majina mengine. Je, umewahi kutumia jina jingine lolote?

Wakati nasoma sekondari mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na amri moja: msiache swali bila jibu. Niliitii amri hiyo mtihani mzima wa kidato cha nne, nikapata daraja la nne, la mwisho kabla ya sifuri, na bado sikujifunza kitu. Nikabonyeza ndiyo. Nikaandika jina la utotoni. Pakawa na nafasi nyingine, nikaona aibu kuiacha wazi, nikaandika na lile wanalomtania nalo wenzake kwa sababu ya miguu yake mirefu.

Nikatuma. Fomu ikasema ahsante.

Aliporudi mjini, mikono bado ina vumbi la njano la salfa kwenye kucha, alikwenda kuchapisha ile karatasi ya uthibitisho na fomu nzima kwenye duka la huduma za kompyuta. Akarudi nayo akiisoma huku anatembea. Alisimama mlangoni.

"Mamdogo, hapa kwenye majina mengine umeandika nini?"

"Majina mengine."

Aliketi sakafuni, akaiweka karatasi juu ya mapaja, akaifunika kwa kiganja mahali pale, kama mtu anayefunika kidonda nzi wasitue.

"Umeandika na la miguu," akasema baadaye.

"Si ni jina?"

Upande wa pili wa ukuta anakaa jirani yangu, mama mtu mzima mzaliwa wa Mikindani, anayekaanga mihogo na samaki na kusikia kila kitu. Ananiita Fundi kwa sababu ya cherehani. Sauti yake ikaja juu ya ukuta:

"Fundi! Umemfanya nini mtoto?"

Nikamweleza kwa kuzunguka, bila kutaja. Kwanza mafuta yake yalichemka kwa niaba yake. Kisha akasema, "Hao watu wana mafomu ya dunia nzima. Nani ana muda wa kusoma majina yote hayo?"

Tukajifariji kwa hilo. Kujaza fomu mpya kungeweza kutupotezea miadi ya usaili, na miadi yenyewe tuliipata baada ya wiki nyingi za kuchungulia kalenda isiyo na nafasi. Barua ya chuo ilikuwa wazi: asipofika ndani ya wiki ya kusajiliwa, mwezi wa nane, nafasi na ufadhili anapewa mwingine. Hapakuwa na neno kuhusu mwaka ujao. Nililitafuta sana neno hilo, mbele na nyuma ya karatasi.

Sijasema habari ya picha. Walitaka picha ya mraba, nyuma peupe. Mpiga picha wetu ana pazia la bluu na heshima ya miaka mingi. Alimpiga na bluu. Tukarudi, akasema bluu ndiyo ya kiserikali. Tukamwambia serikali hii ni nyingine. Akasema serikali zote ni ndugu. Mwishowe nilikwenda na shuka yangu nyeupe niliyoishona mwenyewe, nikaishika nyuma ya mtoto kwa mikono miwili juu, na kwenye picha ya kwanza vidole vyangu vilionekana kama masikio. Kwa kweli mimi si mtu wa kuchosha, lakini wiki ile nilitamani kumpiga mtu kwa rula ya kushonea.

Dar es Salaam nilimsindikiza. Kwa mtu kama mimi hilo si jambo dogo; mimi safari yangu ndefu ni kutoka nyumbani hadi ufukweni Shangani, na hapo narudi kabla miguu haijachafuka. Tulifika, tukalala kwa ndugu, asubuhi tukaenda ubalozini. Msindikizaji haingii. Simu haiingii. Nikabaki nje na simu yake, mkoba wake na kanga yake, nimeketi ukingoni mwa barabara kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe.

Alitoka baada ya saa mbili na nusu. Mkononi alikuwa na karatasi ya rangi. Walioingia naye niliwaona wakitoka mikono mitupu wakicheka, maana pasipoti zao zilikuwa zimebaki ndani. Yake alikuwa nayo, imekunjiwa ndani ya ile karatasi. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Walisoma," akasema.

Dirishani alikuwa kijana wa Kizungu, anazungumza Kiswahili cha kujifunza, mpole. Alimuuliza habari za chuo, akajibu. Nani anayemlipia, akajibu. Magonjwa gani ya mimea, akajibu mpaka yule kijana akasahau kuandika. Halafu akashuka na kidole hadi kwenye kile kipengele.

"Akaniuliza hili jina nilibadili lini. Nikamwambia nikiwa mdogo. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ni desturi. Akaniuliza desturi gani, nani alinipa, wapi, walifanya nini." Hapo akanitazama. "Mamdogo, mwanamume. Ningemwambia nini?"

Ya unyagoni hayasemwi kwa asiyeingia. Kwa mwanamume ndiyo kabisa. Hata mume haambiwi. Mtoto aliapishwa akaapa, na ameshika alichoapa.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia siwezi kusema."

Nilifumba macho. Katika maneno yote ambayo binadamu anaweza kumwambia ofisa wa viza, hayo ndiyo angeyaacha nyumbani.

"Akaniuliza kama ni kikundi. Nikasema hapana. Akauliza kama kuna kiapo. Nikanyamaza. Akauliza nani mwingine anajua, nikasema wanawake wote. Akaandika."

"Akaandika nini?"

"Sijui! Wanawake wote!" Sauti yake ilipanda, watu wakageuka. "Na la miguu akauliza pia. Nikamwonyesha miguu."

Karatasi ile haikusema hapana. Ilisema hawawezi kuendelea mpaka apeleke ushahidi kwamba yule wa jina la kwanza na huyu wa jina la pili ni mtu mmoja: hati ya kiapo ya ndugu aliyemjua kwa majina yote mawili, na karatasi yoyote ya zamani yenye lile la kwanza. Hata sikuweza kuwakasirikia. Mtu umemwandikia mwenyewe kwamba kuna watu wawili, akitaka kujua kama ni mmoja kakosa nini? Nilikasirika hivyohivyo.

Njia nzima ya kurudi Mtwara hakunisemesha. Basi lilipopumzika Somanga alinunua samaki wa kukaanga, akala amegeukia dirisha, halafu bila kunitazama akanipa mkia. Nikaula. Sikuwa katika hali ya kuchagua.

Kesho yake tukapanda bodaboda kwenda Mpapura kutafuta kadi ya kliniki, karatasi pekee duniani iliyobaki na lile jina. Dada yangu tulimkuta shambani, kajifunga kitambaa puani, wa njano kuanzia kope hadi vidole vya miguu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mbali kidogo, kwa sababu ya salfa na kwa sababu alikuwa ameshika panga.

Alisikiliza. Akavua kitambaa.

"Uliliandika."

"Niliandika, dada."

"Wazungu wamelisoma."

"Wamelisoma."

"Na sasa mnataka niende mjini, nisimame mbele ya wakili, mwanamume, nilitamke."

"Ni mara moja tu, kwa ajili ya mtoto."

Dada yangu si mkaidi. Ni mtu aliyeuza korosho za msimu mzima ili mtoto afike kidato cha sita, na hakuna asubuhi ambayo hakuliombea hili la Marekani baada ya swala. Lakini alitikisa kichwa.

"Yule mtoto nilimpeleka ndani nikaambiwa nisimwite tena. Nikarudishiwa huyu. Mimi niliyemzaa nikimwita lile jina, namrudisha wapi?" Akampa mwanawe ufunguo wa sanduku ili achukue kadi. Kisha akanigeukia. "Wewe uliyeliandika, wewe kalitaje."

Na kwa kweli sikuona pa kutokea. Bibi yake alikuwa hasikii vizuri, tungeapa kwa kupiga kelele. Baba yake alikwenda Msumbiji kutafuta maisha zamani na akayapata hukohuko. Aliyebaki, mwanamke mtu mzima, ndugu wa damu, aliyemjua mtoto tangu akiwa mgongoni, mwenye kitambulisho cha taifa na kalamu iliyomponza, alikuwa mimi.

Ofisi ya wakili iko mjini, chumba kimoja, benchi la wateja ukutani, na pazia dogo linalomtenga wakili na karani wake. Siku ile benchi lilijaa: wazee wawili wa kesi ya shamba, mama mwenye mtoto, na mwanamume aliyekuja kuuza pikipiki. Wakili ni mtu wa huku, kapita jandoni kama wenzake, kwa hiyo nilipoanza kumweleza alielewa haraka kuliko nilivyotaka. Akaweka kalamu chini.

"Usinitajie," akasema. "Andika kwenye karatasi, nimpe karani achape."

Nikaandika. Akaipokea bila kuisoma, imekunjwa, akampa karani. Binti alikuwa amesimama nje, barabarani, upande wa pili kabisa, ametupa mgongo. Alikuwa amesema hatasikiliza.

"Ikishachapwa utaisoma mbele yangu," wakili akasema. "Kiapo lazima kisomwe. Soma kwa sauti, lakini isiwe sauti sana."

Mpaka hapo mambo yalikuwa yanakwenda. Ila yule karani ni kijana aliyetoka bara, hajamaliza hata mwaka huku. Mchapaji mzuri, mwenye bidii. Na mwandiko wangu, tangu shule, haujawahi kumpendeza mtu. Kwanza mashine yake iliishiwa wino, akaitikisa. Kisha akachapa. Kisha akaona hana hakika na herufi moja, na badala ya kuja na karatasi mpaka kwenye pazia, akaniita kutoka pale alipo kwa sauti ya mtu anayetangaza mnada:

"Mama! Nimepata sawa?" Akalitaja. Lote. Jina la mtoto la utotoni, na la baba yake nyuma, kwa matamshi safi kabisa ya redio.

Wale wazee wawili waliinamisha vichwa kwa pamoja. Mama mwenye mtoto akasema "Astaghfirullah." Yule wa pikipiki, sijui ni mtu wa wapi, akaangalia huku na huku kumtafuta mwenye jina.

"Kijana," wakili akasema kwa upole wa kutisha, "nyamaza."

"Nauliza tu kama ni..." Akalitaja tena.

"Nyamaza!"

"Sasa si ndilo lililoandikwa?"

Nilisimama. Sijui nilitaka kufanya nini. Nadhani nilitaka kumziba mdomo kwa hati yenyewe. Na wakati huohuo mlango ukafunguka, mtoto wa dada yangu akaingia. Sauti ilikuwa imemfikia barabarani. Nilifikiri atalia, au atageuka akimbie mpaka Mpapura na asirudi tena, na nisingemlaumu. Alikuja mpaka mbele ya meza ya karani. Akapiga goti kidogo, kama watoto wanavyofundishwa kuitika wakubwa.

"Abee," akasema.

Karani, ambaye mpaka leo hajui alichokifanya, akatabasamu. "Ah, kumbe upo. Ndiwe?"

"Ndiye mimi."

"Na hili la pili?"

"Ni mimi pia."

"Basi sawa," akasema karani, akachapa.

Nilikisoma kiapo nikiwa nimesimama, kwa sauti isiyo sauti sana. Nilipofika pale penye jina nikalisema. Yeye alikuwa kando yangu anatazama dirishani. Mkono wake ulikuwa umeshika upindo wa kanga yangu. Alipokuwa na miaka kumi, siku ya kwanza kuletwa kwangu, aliushika hivyohivyo mchana mzima, na mimi nikawa nashona kwa mkono mmoja. Wakili akapiga muhuri.

Tulipotoka nikamwomba msamaha, pale pale barabarani. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu.

"Mamdogo, usianze," akasema. "Ukianza utataja kitu."

Tukatuma hati, kadi ya kliniki na pasipoti kwa njia waliyotuelekeza. Kisha tukaanza kungoja. Kungoja huko sitaki kukueleza sana kwa sababu kunanirudishia hasira. Kuna ukurasa mtandaoni, unaingiza namba yako, unakuambia bado inashughulikiwa. Tuliingiza asubuhi, tuliingiza baada ya adhuhuri, tuliingiza wakati wali unaiva. Bado inashughulikiwa. Mwezi wa saba ukaisha. Nilishona sare za shule nzima nikiwa nimekasirika, na mishono ilinyooka kuliko kawaida. Jirani akawa anauliza juu ya ukuta kila siku, "Fundi, wamesemaje?" na mimi namjibu, "Wanashughulika." Siku moja akaniuliza, "Wanashughulika na nini? Mtoto ana majina matatu, si mia tatu."

Binti hakulalamika. Aliosha begi alilokuwa ameazimwa, akalianika, likakauka, akalirudisha chini ya kitanda. Siku mbili baadaye akalitoa akaliosha tena. Hapo ndipo nilipoelewa anavyoogopa.

Wiki ya kusajiliwa ilikuwa imebakiza siku nane tulipopigiwa simu kwamba kuna bahasha. Tulikwenda mbio, mimi na kandambili zangu, tukaifungua hapohapo kaunta. Ndani ya pasipoti palikuwa na ukurasa mmoja wenye picha yake, ile ya shuka yangu. Jina lilikuwa moja tu, lile jipya. Yale mengine hayakuonekana popote. Yote yale, Somanga, Mpapura, karani, kiapo, na kwenye karatasi yenyewe hayakuacha hata nukta! Nilimuuliza yule wa kaunta kama kuna ukurasa mwingine. Akasema, "Mama, ulitaka kurasa ngapi?"

Hata salamu za kuaga zilikuwa za haraka. Dada yangu alikuja kutoka Mpapura amejiosha salfa yote isipokuwa ya kwenye nyusi. Alimwombea dua, akamfunga kanga begani, akamwita kwa jina lake, hili la sasa, mara tatu mfululizo, kwa sauti, uwanja wa ndege mzima usikie. Mtoto akaitika mara tatu. Akanikumbatia mimi mwisho. Akasema, "Mamdogo, ukipewa fomu yoyote, nipigie kwanza." Akaenda na miguu yake mirefu.

Jioni ile nilitoa kiti nje nikamwelezea jirani tena mambo yote, kwa kuwa yalikuwa bado yananiwasha. Nilianza na maswali ya silaha za sumu. Nikaja kwenye pazia la bluu. Nikasema ni fomu gani hii ya kumtesa mtoto, na kisha wasiandike hata hayo majina waliyoyadai. Nikasema kama ningempata aliyeitunga ningemshonea suruali isiyo na mguu mmoja. Nikasema miezi mitatu sijalala, na kwa faida gani. Nikasema sitashika fomu tena, hata ya sensa. Nilisema mpaka sauti ikaanza kukwaruza, na kila nikimaliza narudi mwanzo. Jirani alikuwa amesimama upande wake wa ukuta, mwiko mkononi, ananisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nilipofika kwa karani kwa mara ya tatu akanyanyua ule mwiko, nikanyamaza.

"Fundi," akasema, "wewe hukasirikii fomu. Mtoto ameondoka, na nyumba imekushinda ukubwa. Lia basi tumalize, mimi nimeacha mihogo jikoni."